Mluzi Unapokatika

Fundi umeme hupiga mluzi akifanya kazi, na mdogo wake, mwenye gari, huogopa mluzi huo ukikatika kuliko kitu kingine chochote. Sasa umekatika. Dada, ndiye fundi, yuko uvunguni mwa gari la mashindano, anapapasa nyaya alizoziunga mwenyewe. Kila kiungo hukivuta mara mbili, kisha hukigusisha shavuni kusikia joto. Vihisi viwili vya oksijeni vinanusa moshi wa injini, kimoja kulia, kimoja kushoto, ili kompyuta ijue upande gani uongezwe mafuta. Dada anachomoa plagi ya kihisi cha kushoto. "Washa." Kompyuta inalalamikia kulia: plagi zimepishana. Dada alipokwenda kunawa, ni mdogo wake aliyezichomoa na kuzichomeka tena zile plagi kwa haraka zake, nazo zinafanana kama pacha.

"Mbona linanguruma vizuri tu, dada?"

"Linanguruma, ndiyo. Upande mmoja umevimbiwa, wa pili unakufa njaa. Injini ingeungua tukiwa kwenye kona." Anajitokeza, anajifuta vidole kimoja kimoja. "Nani amezigusa?"

"Sijui, dada. Labda ulijisahau."

Dada anarudi chini, anazibadilisha plagi nafasi, anazivuta mara mbili mbili. Kompyuta inanyamaza. Kisha anaiendea meza walikoweka kofia zao za mashindano, ya mdogo wake dereva na yake, ya msoma njia anayekaa kando ya dereva, anaichukua ya kwake na kuibana kwapani.

"Gari liko tayari," anasema. "Tafuta mtu wa kukaa kando yako."