Bakuli la Mama Mkwe Lina Jina la Mtu Chini Yake

Admin, jina langu lifiche kabisa, kisiwa chetu ni kidogo na watu wanasoma. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, kwetu ni kijiji cha Kanga, nimeolewa ng'ambo, kisiwani Juani, mwaka wa tatu huu. Nina mimba ya miezi minane, ya kwanza kukaa baada ya mbili kuharibika. Naandika kwa haraka kwa sababu Ijumaa si mbali.

Mama mkwe wangu ana bakuli la fedha, kalifunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Hutolewa kwa ajili ya kombe tu: mwalimu akishaandika aya kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji ya waridi humo bakulini, mgonjwa anakunywa. Ukoo wa mume wangu husema limetoka kwa mababu zao wa Kua, yale magofu ya hapa Juani, tangu mji ule ulipokuwa na watu. Lilikuwa jeusi kama sufuria ya kuni, na ni mwiko kulisugua, eti baraka zitatoka. Mwezi uliopita nilifanyiwa kombe mimi, kwa ajili ya mtoto. Nilipomaliza kunywa nikaambiwa nilisuuze tu. Sasa mimi na masizi hatupatani, kwetu chombo kisichong'aa ni aibu ya mwanamke. Nikachukua jivu na ndimu, nikaanza kidogo tu kwa chini, mkono ukanoga.

Yakatoka maua, akatoka tausi, na kwenye kitako yakatoka maandishi ya vidoti vidoti, si ya Kiarabu wala ya Kizungu. Nikapiga picha, kiherehere changu hicho, kisha nikalifunga na kulirudisha.

Siku ya kliniki nikavuka kwenda mjini Kilindoni, nikapitia duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, tumezoeana tangu nasoma. Nikamwamkia, nikamwonyesha picha, nikamuuliza bakuli kama hili asili yake wapi, liko kwa watu Juani. Akavaa miwani akitabasamu. Akanieleza kwamba ni kazi ya mafundi wa Kachi, kwao asili huko Uhindini, na kwamba bibi harusi wa kwao alichorewa jina kwenye vyombo vyake ili visichanganyike vikiazimwa kwenye shughuli. Kisha akaikuza picha, akaanza kusoma yale maandishi kwa kidole. Tabasamu likafifia.

"Hili ni jina la bibi yangu," akasema. "Bakuli hili liliibwa kwetu kabla sijazaliwa. Aliliiba mpishi wetu, mtu wa Kanga."

Akamtaja jina. Ndugu zangu, alimtaja babu yangu mzaa mama.

Babu amekufa akiitwa mwizi. Mama yangu amekua watu wakificha vyombo akiingia uani kwao. Kumbe bakuli lenyewe ndilo ninalonywea mimi, mjukuu wake. Nikamuuliza yule mzee nani mwingine aliingia nyumbani kwao siku zile. Akasema marehemu baba yake aliwahi kumtaja fundi chokaa kutoka Juani, lakini alikuwa mtu wa dini sana, hakuna aliyethubutu kumuuliza. Babu wa mume wangu alikuwa fundi chokaa. Sijui kama aliliiba au aliuziwa na mwizi. Sikumwambia mzee nimeolewa nyumba gani, nikaaga.

Wiki iliyofuata mzee akatuma mtu Juani kuulizia nyumba yenye bakuli la fedha lenye tausi. Habari zikamfikia mama mkwe. Akafungua sanduku, akakuta bakuli linang'aa ubavu mzima. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Siku ya kombe tulilishika wanawake wanne, akatuita wote, mawifi zangu wawili, mke wa shemeji yangu na mimi. Akasema kuna aliyetoa siri ya nyumba, na Ijumaa baada ya sala kila mmoja atakunywa maji ya kiapo humo humo bakulini.

"Asiyetenda hana cha kuogopa," akasema, akinitazama tumbo.

Nilipotaka kumweleza mume wangu, akanizuia. Akasema kama ni mimi nisimwambie, maana akijua naye ataulizwa. Ni mtu mwema, ila kwa mama yake hana kauli.

Jana nikampigia mama. Sikumweleza kitu, nilimuuliza tu habari za babu. Ndipo akaniambia nisilolijua, kwamba babu alipotuhumiwa alinyweshwa maji ya kiapo mbele ya watu, akaapa hakuchukua. Mwezi haukuisha, mtoto wake wa kwanza akafa kwa surua. Watu wakasema kiapo kimemshika, na jina la mwizi likaganda hapo.

"Baba alikunywa kwa moyo mweupe," mama akasema. "Mpaka anakufa aliamini yeye ndiye aliyemuua mwanawe."

Leo ni Jumatano. Nikisema kweli, narudishwa Kanga na mimba yangu, lakini mama atasikia akiwa hai kwamba baba yake hakuwa mwizi. Nikinyamaza, nakunywa. Msiniambie surua ni ugonjwa tu, nimesoma, najua, na bado naogopa. Babu hakuwa na kosa na alizika mtoto. Mimi kosa ninalo, na wangu bado yumo tumboni, ananipiga mateke naandika haya. Nishaurini kabla ya Ijumaa, ninywe au niseme?