Kengele Isiyopigwa

Asubuhi katika kijiji cha Ziwa sasa ina kimya ambacho watu wake hawajakizoea. Ndoo za maziwa zinagongana, pikipiki zinapita, mbwa wanabweka, lakini katikati ya sauti hizo kuna pengo pale ambapo kengele ilikuwa ikipita. Mzee Wilson, amechuchumaa ubavuni mwa ng'ombe wake, huacha kukamua na kuinua kichwa kuelekea njia ya kanisani. Halafu hukumbuka, akainama tena.

Kengele yenyewe ipo. Inaning'inia kwenye msumari jikoni kwa Brenda, imeshindiliwa kitambaa ndani ili isitoe sauti hata ikiguswa. Ni kengele ya ng'ombe, ya bati nene, na mkanda wake wa ngozi umekwisha kuwa mweusi kwa jasho. Lakini jasho hilo si la ng'ombe. Mwaka jana ilivaliwa na Rael, kitinda mimba wa Mzee Wilson.

Rael alipomaliza kidato cha nne alipata alama za kusomea uuguzi, na chuo kikamwita aanze Septemba. Baba yake alienda Eldoret akarudi na viatu vyeupe vya kazi, akaviweka juu ya kabati ya sebuleni mahali ambapo kila mgeni angeviona. Wageni waliviona. Waliulizwa kama wameviona. Ili asikae bure akisubiri, Rael akaenda kusaidia katika chekechea ya kanisa, chumba kimoja cha mabati kilichozungukwa na ua wa miiba, chini ya Mwalimu Waceke, mama wa makamo ambaye mumewe ana duka pale sokoni.

Mwezi wa tano, mahindi yakiwa bado chini ya goti, Brenda alimleta mwanawe. Brenda hulima na kukamua kwenye mashamba ya watu, na hana wa kumwachia mtoto. Walisikika kabla ya kuonekana. Watoto walikimbilia mlangoni wakidhani ndama amepotea njia, wakamwona mvulana wa miaka mitano hivi, macho yake hayamtazami mtu, shingoni ana kengele.

"Muuu!" akasema mmoja, na darasa zima likalia kama zizi.

"Anaitwa Emmanuel," Brenda akasema, bila kuwajali. "Haongei. Haitiki jina, hata ukimwita mpaka koo likauke. Lakini miguu yake haitulii. Mimi nikilima nasikiliza kengele. Ikinyamaza, najua ameketi. Ikienda mbali, nakimbia."

"Lakini Mama Emmanuel, mtoto si ndama," Rael akasema.

"Najua, mwalimu. Ndama ningemfunga kamba."

Rael alipiga magoti akamfungua mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Chini yake ngozi ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi. Brenda aliitazama kengele ikiingia katika mkoba wa Rael, akaenda shambani.

Mwalimu Waceke alikuwa amesimama dirishani. Ng'ambo ya ua shamba la mahindi liliteremka hadi bwawani, na siku hiyo bwawa lilionekana lote, limelala kimya kama jicho lisilopepesa.

"Umefanya vizuri," akasema. "Lakini hayo mahindi hayatabaki hapo chini."

Emmanuel alikuwa mtoto wa masikio. Alilaza shavu kwenye tangi la maji akasikiliza. Mvua ilipoanza kupiga bati, aliacha uji akasimama katikati ya chumba, mikono imetanda. Rael alipoimba, alikuja akabana sikio mgongoni mwake, na Rael akajifunza kuimba bila kugeuka. Wiki zilipita hivyo, na msichana aliyekuja kupisha muda akajikuta anaamka mapema. Hakumwambia mtu. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo aliliona asilielewe: kila mifugo ilipopita kwenda bwawani, mmoja wao akiwa na kengele, Emmanuel aliwahi kwenye ua akasimama mpaka sauti ikaisha kabisa. Rael alidhani anapenda ng'ombe.

Juni mahindi yalifika kiunoni. Kufikia katikati ya Julai yalimpita mtu mzima. Bwawa halikuonekana tena. Ukitoka mlangoni uliona majani tu, na upepo ulipovuma shamba zima lilinong'ona kama watu wanaokusema ukiwa karibu. Akina mama waliokuwa wakikata njia humo wakaanza kuzunguka kwa barabara. Hakuna aliyesema kwa nini.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu. Rael aliinama kumfuta mtoto mmoja kamasi, akainuka, na Emmanuel hakuwepo. Chini ya ua, pale ambapo mbwa hupenya, majani yalikuwa yamelazwa upya.

Walimwita. Mwalimu Waceke aliita, wanaume waliotoka kupeleka maziwa waliita, jina likazagaa juu ya mahindi kutoka pande zote, na kila mtu alijua kwamba mwenye jina hilo hajawahi kuliitikia. Felix, kijana wa bodaboda, alisimamisha pikipiki yake.

"Madam, si ungemwachia tu kengele yake? Saa hii tungekuwa tushampata."

Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza ghafla, kwa maana Brenda alikuwa amefika. Brenda hakulia. Aliuliza tu, "Iko wapi?"

Rael aliingia mahindini mkoba ukiwa begani, akakimbia kuelekea bwawani, majani yakimkata uso. Kengele ilimpiga ubavuni kila hatua, na sauti yake ikamtia aibu kiasi kwamba alitaka kuitupa. Akasimama avute pumzi.

Nyuma yake kitu kilitikisa mahindi, halafu kikatulia.

Alipiga hatua. Kikatembea. Akasimama. Kikasimama. Akakumbuka habari za mbwa waliokuwa wakila kondoo mwaka ule. Alitembea upesi zaidi, na kengele ikalia, na kile kitu kikaongeza mwendo. Akasimama tena. Safari hii hakikusimama. Majani yalifunguka, na Emmanuel akatoka, amelowa matope mpaka kifuani, akapita mikono ya Rael iliyonyooshwa, akaweka sikio lake kwenye mkoba.

Rael alipomtoa nje ya shamba, watu walishangilia. Brenda hakushangilia. Alikamua shati la mwanawe, maji meusi yakachuruzika. Akaweka kiganja pale matope yalipokomea.

"Mpaka hapa," akasema. "Mpaka hapa, mwalimu."

Kisha akatoa kengele mkobani. Wote walitarajia amfunge mtoto. Alimfunga Rael, akaukaza mkanda, akarudi nyuma akamtazama.

"Basi vaa wewe."

Rael aliivaa. Aliivaa darasani, njiani, hata kanisani alikaa nayo mapajani ameishika ulimi. Alipotembea, Emmanuel alimfuata. Alipotikisa, Emmanuel alikuja kutoka popote alipokuwa. Chekechea ilipofungwa Agosti, Rael alikuja naye nyumbani kwao ili Brenda alime.

"Ng'ombe wa Mzee Wilson huyo anapita!" Felix alipiga kelele kutoka kituo cha pikipiki. "Anatoa lita ngapi?"

"Wewe ukipotea, Felix, hata kengele hatutapiga."

Watu walicheka. Lakini nyumbani hakuna aliyecheka. Mzee Wilson aliisikia kengele ikiingia uani kwake kila jioni, akageuza uso.

"Nilisomesha binti," akasema siku moja, "nikaletewa ng'ombe."

"Baba, nikienda Septemba, atamfuata nani?"

"Atafuata kengele. Mpe mama yake avae. Sikiliza, Rael. Nesi humwacha mgonjwa hospitalini akaenda kulala. Hawa watoto wako, utawaacha wapi?"

Kwa siku kadhaa Rael alijiona mtu asiyeweza kukosekana. Halafu ikaja siku ya soko. Alikuwa akitembea kando ya barabara, Emmanuel nyuma yake, wakati mtu mmoja alipopita akimpeleka ng'ombe sokoni, ng'ombe mwekundu mwenye kengele kubwa kuliko yake. Emmanuel aliachana na Rael kama mtu anayebadilisha kiti. Alimfuata ng'ombe katikati ya malori bila kugeuka. Rael alilazimika kumkimbilia na kumbeba huku akipiga mateke.

Alimwendea Mwalimu Waceke dukani kwa mumewe. "Hanifuati mimi," akasema. "Anafuata bati. Sijamfundisha kitu."

Waceke alikuwa akipima sukari. Alimaliza kwanza. "Ukiendelea hivi utakuwa mchungaji wake. Mchungaji mzuri, sikatai. Lakini kuna watu wamesomea watoto wa namna hii. Chuo kiko mjini. Ni miaka miwili."

Ndivyo Rael alivyochagua. Septemba ilipita, viatu vyeupe vikabaki juu ya kabati, na aliyekuwa ameitwa kusomea uuguzi akaandikisha jina lake kusomea ualimu wa watoto wadogo wenye mahitaji maalum. Mzee Wilson alipoambiwa, hakupaza sauti. Aliuliza swali moja, na ni afadhali angepaza sauti.

"Na akipotea kabla hujamaliza kusoma?"

Januari, siku aliyoondoka, mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa. Shamba lilikuwa tupu, bwawa linaonekana lote. Aliibandua mikono ya Emmanuel kiunoni mwake, akamkabidhi Brenda kengele.

"Utarudi mahindi ya mwaka gani?" Brenda akauliza.

"Si ya mwaka huu, Mama Emmanuel. Wala ya mwaka kesho. Yale yatakayofuata."

Brenda alitazama shamba kwa muda, kana kwamba anayaona yote matatu yakiota kwa pamoja. "Basi soma haraka," akasema.

Wiki ile ile Brenda aliivaa kengele, akaitikisa mlangoni. Emmanuel alikuja mbio. Alifika, akaitazama kengele, akatazama mikono iliyoishika. Akazunguka nyuma ya mama yake akatafuta. Akaingia ndani akatoka. Kisha akashika njia ya barabara kuu inayokwenda Eldoret, na Felix ndiye aliyemrudisha kwa pikipiki, amemfunga kwa koti lake asiruke. Hakufanya mzaha siku hiyo. Kesho yake Brenda alijaribu tena. Ikawa vile vile.

Waceke alimpigia Rael simu akamweleza.

"Kwa hivyo alikuwa ananifuata mimi," Rael akasema. Katika maisha yake yote alikuwa hajapata habari njema ya kutisha namna ile.

Alianza kuja nyumbani kila Ijumaa. Na kila Jumatatu, akishaondoka, Emmanuel alielekea barabarani. Mwezi wa tatu, watu wakilima mashamba, Brenda alimsindikiza Rael hadi kituoni, mtoto akiwa amemfunga mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa inakaribia kugusa chini.

"Usije tena, mwalimu," akasema. "Utakuja ile siku ya kuja kukaa."

Aliporudi nyumbani akashindilia kitambaa ndani ya kengele na kuitundika.

Chuo kimempeleka Rael kufanya mazoezi ya kufundisha Kiplombe, shule yenye darasa la watoto kama Emmanuel. Siku za kwanza alikuwa amepanga nguo zake ndani ya sanduku, hakuzitoa. Kisha akamwona mwalimu wa pale akifanya kazi na msichana ambaye naye hakuwahi kuitikia. Mwalimu alitaja jina, ndipo akagonga kingoma kidogo. Jina, kingoma. Jina, kingoma, kila siku akigonga polepole zaidi, mpaka asubuhi moja akataja jina akaacha kingoma, na msichana akageuka.

Rael alitoka nje akasimama ukutani. Jioni akatoa nguo sandukuni. Hicho ndicho alichokuja kujifunza, na kinachukua muda mrefu kuliko mahindi. Amemweleza Brenda kwa simu namna ya kuanza: kuita jina mbele ya tangi la maji, halafu kuligonga. Brenda anagonga. Mtoto anageukia tangi.

Sasa ni mwisho wa Juni. Mzee Wilson ameziba tundu la ua wa chekechea kwa mabati, bila kuombwa na mtu, na jioni akishakamua huenda kusimama mwisho wa shamba, upande wa bwawani, mpaka Brenda apite na mwanawe. Mahindi ya Ziwa yamefika kifuani. Rael yuko Kiplombe, katika darasa la mwisho karibu na lango, na amebakiza mwaka mmoja na nusu.