Apdeti Niliyoifuata kwa Wifi Lushoto

Niliondoka nyumbani Mtae kwa sababu ya wivu. Sina haja ya kupamba. Mwanangu Tumaini, aliyeolewa Mwanza, alikuwa amejifungua mtoto wa pili wa kike, na wifi yangu wa Lushoto alikuwa akimwona mtoto huyo kwenye simu ya video asubuhi na jioni. Mimi, bibi mzaa mama, nilikuwa naangalia kiduara kinazunguka kwenye kioo.

Simu yangu ilikuwa imegoma. Programu ya kupigiana simu za video ilisema haifunguki mpaka nifanye apdeti. Nikaigusa hiyo apdeti, ikasema simu yenyewe imepitwa na wakati, ianze kwanza apdeti ya simu. Na kwetu mtandao unashika mahali pamoja tu, kwenye jiwe nyuma ya kanisa, ukingoni kabisa, ambako ukichungulia unakiona kijiji cha Mnazi kule chini na tambarare inayokwenda mpaka Kenya. Mnara wetu dhaifu, minara ya majirani ina nguvu. Apdeti inashuka vizuri, inafika katikati, mara simu inaruka yenyewe mpaka ng'ambo: Karibu Kenya. Bando langu huko halitambuliki. Apdeti inakufa, nikirudi Tanzania inaanza upya. Nimekaribishwa Kenya kuliko walanguzi wa mahindi, na sijawahi kuikanyaga.

Kwa simu ya kawaida Tumaini nilikuwa nampata, sauti ikikatikakatika.

"Mtoto mmempa jina gani?" nilimwuliza.

"Mama, nitakutajia ukimwona usoni. Nataka nikuone unavyolipokea. Fanya apdeti, Mama. Jumapili anabatizwa."

"Shangazi yako analijua?"

"Shangazi si ameshamwona."

Hapo ndipo roho iliponichafuka. Kwetu binti wa kwanza alibeba jina la bibi mzaa baba, na sikulalamika, ndio utaratibu. Wa pili ni zamu yangu. Lakini Tumaini alisoma sekondari akikaa kwa shangazi yake Lushoto, akala kwake, akasukwa nywele na kufundishwa cherehani na yeye. Mtu wa namna hiyo anaweza kuruka zamu. Na jina likishatamkwa madhabahuni, nani atalirudisha?

Baba Tumaini akacheka. "Nenda kwa dada yangu, ana intaneti ya nyumbani."

"Nikamwombe yeye?"

"Basi kaa kwenye jiwe na Wakenya wako."

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la kabichi, nikakaa mbele na dereva, kapu la mapeasi mapajani. Ukungu ulikuwa umefunika barabara. Dereva aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Simu niliishika mkononi njia nzima, nikiiwasha kila tulipopita mlima, labda itashika. Ilishika kidogo, apdeti ikaanza, tukaingia kwenye kona, ikakata.

"Mama, unaichosha bure," dereva akaniambia. "Apdeti haitaki mtu anayetembea. Inataka utulie."

"Ningetulia kama ningekuwa na mtandao," nikamjibu, nikaiwasha tena.

Lukozi lori lilisimama kuongeza karoti. Mama mmoja aliyekuwa anaosha karoti alikuwa na simu kiunoni, inamsomea ujumbe kwa sauti. Inafanya kazi vizuri tu. Nikamwonea wivu hata yeye, mtu nisiyemjua. Baada ya Malindi, hii ya kwetu milimani, tukaingia msitu wa Magamba, baridi ikaingia mpaka kwenye mifupa, halafu tukaanza kuteremka kwenda mjini.

Lushoto nilifika jua limeshapanda. Nyumba ya wifi iko juu kidogo ya soko, chumba cha mbele ni cha kushonea. Yeye ni mkubwa kwangu, dada wa mume wangu, kwa hiyo sikuwa na ujanja.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, wifi yangu! Karibu, karibu. Mbona umekonda?"

Sijakonda. Nilikaa. Kwetu mgeni hatoi shida yake kabla ya kula, hata kama shida hiyo ameishika mkononi na ina mwanga. Tulikunywa chai, tukala makande, tukaulizana hali za watu wote wa Mtae, pamoja na ng'ombe. Juu ya kabati kile kisanduku cha intaneti kilikuwa kinawaka vitaa vya kijani, kama kinanicheka. Kisha simu yake ikalia, naye akainuka akaenda nayo chumbani na kurudishia mlango. Nikasikia sauti ya Tumaini. Nikasikia mtoto. Mjukuu wangu, nyuma ya mlango wa mtu mwingine! Nusura niusukume.

Aliporudi uso umemng'aa. "Mwanangu anakusalimu."

Mwanangu. Nikaweka kikombe chini taratibu, nisije nikakivunja.

"Wifi, huyo mtoto anaitwa nani?"

"Aa, simu yako ipone kwanza. Mwanao akutajie mwenyewe." Akatabasamu, akachukua uzi wake. Nikajua limekwisha, ni jina lake. Mtu hatabasamu hivyo kwa jina la mwenzake.

Mchana tulianza kazi. Aliniandikia nywila, intaneti ikaingia, apdeti ikagoma tena: nafasi haitoshi. Inabidi nifute vitu. Nikafungua video zangu, na kubwa kuliko zote ilikuwa ya harusi ya Tumaini, ambapo wifi anacheza mbele ya bibi harusi kwa kitenge cha shangazi, watu wanamshangilia, na mimi naonekana pembeni kidogo nimeshika sahani. Nikasema moyoni, hii ndiyo ya kufuta. Nikapeleka kidole.

"Futa tu hiyo," akasema, kumbe amesimama nyuma yangu. "Kwangu ninayo, na ile ndefu pia."

Hata katika kufutwa alinishinda! Nikaifuta kwa hasira. Nafasi ikapatikana.

Apdeti ikashuka bila kuruka popote. Ikamaliza, simu ikajizima, ikaja alama nyeupe na mstari mdogo unaosogea. Hapo hapo mvua ikashuka na umeme ukakatika. Vitaa vya kijani vikazimika. Mstari kwenye simu ukasimama.

"Imekufa," nikasema. Mkono ukaenda kwenye kitufe, maana nyumbani ndivyo ninavyofanya: ikigoma naizima kwa nguvu.

Wifi aliuchapa mkono wangu. "Usiiguse! Imeshachukua ilichotaka kwenye intaneti, sasa inajipanga ndani. Mimi ya kwangu niliizima hivyo mwaka jana, haikuamka tena. Picha za marehemu zote zilikwenda."

Marehemu ni mume wake. Sikuwa najua kwamba picha zake zilipotea. Aliiweka simu juu ya kitambaa, katikati ya meza, tukakaa upande huu na upande ule tukiitazama kama chungu kilicho jikoni, mvua inapiga bati. Mwishowe mstari ukasogea. Kisha ukasogea tena.

Jioni umeme ulirudi. Simu yangu ikapiga Mwanza, na kioo kikajaa uso wa Tumaini.

"Mama! Simu imepona!"

"Mlete mtoto."

Akamleta. Ana paji langu la uso, nalisema bila haya. Mtoto akanitazama, akakunja mdomo, akaangua kilio. Alilia kama ameona jini. Wifi akainama juu ya bega langu, akasema kwenye simu kwa sauti laini, "Wifi, wifi yangu, nani kakuudhi? Nyamaza, wifi yangu."

Mtoto akanyamaza.

Nikageuka kumwangalia. Kwetu mtoto anaitwa kama anavyoitwa mwenye jina lake. Kichanga hawezi kuwa wifi ya huyu mama kwa njia nyingine yoyote. Wifi yake ni mimi peke yangu.

"Naomi," Tumaini akasema kwenye kioo. "Anaitwa Naomi, Mama. Shangazi ndiye aliyesema tusikuambie mpaka umwone."

Nililia, ndiyo, na pua ikanitoka. Lakini sitadanganya: hata katikati ya machozi nilikuwa nawaza, jina ni langu, na anayemnyamazisha ni yeye.

Ijumaa asubuhi, kabla sijaondoka, wifi alichukua simu yangu akazima ile tabia ya kujichagulia mtandao. "Sasa itabaki ya kwetu, hata ikiwa dhaifu. Na apdeti ndogo ukiziona, usisubiri zirundikane. Njoo hapa." Akaongeza, "Njoo hata bila apdeti." Akanirushia na ile video ya harusi, ile ndefu. Nikamwambia ahsante wifi, na nilimaanisha sehemu kubwa.

Nilirudi na lori lile lile, simu imezimwa, nimetulia. Nilichojifunza ni kwamba apdeti kubwa unaipeleka penye mtandao wa kutulia, unaipa chaji na nafasi, halafu unaondoa mkono wako. Wivu sijapata pa kuupeleka.

Jioni nilikwenda kwenye jiwe. Hakuna aliyenikaribisha Kenya. Nikapiga, picha ikaganda papo hapo, ikabaki sauti tu. Nikaongea hivyo hivyo. "Somo yangu, mwenye jina langu," nikamwambia, "ni mimi, bibi yako, niko Mtae, kuna ukungu." Nikaendelea kwa Kishambaa, yale niliyomwambia mama yake alipokuwa mdogo.

"Mama," Tumaini akanong'ona, "ameacha kunyonya. Anakusikiliza wewe."

"Mwambie shangazi yako," nikasema. "Mwambie leo hii hii."