Dawa ya Mwisho ya Madamu Severina

Watu wa Ubaruku, huko Usangu, watakuambia Mbuke ni mpole. Wapi! Mbuke hasahau. Ukimkanyaga leo, atakuja kukukanyaga siku umevaa viatu vipya. Na aliyemkanyaga kuliko wote ni Madamu Severina, mama wa Kihehe kutoka Iringa aliyehamia Ilomba, Mbeya mjini, akawa anafundisha watu kutengeneza sabuni ya maji uani kwake.

Mbuke alipokwenda kujifunza kwake, ada ilitoka kwa mtamba. Baba yake alimpa Mbuke ng'ombe huyo alipoachika, ajianzishie maisha, naye akamuuza. Kaka yake, Seni, alinuna. Kwa Wasukuma wa Usangu kama wao, mtamba hauzwi ovyo. Anauzwa mgonjwa akizidiwa, au njaa ikipiga hodi.

Mwanzoni Severina alifundisha vizuri tu. Kuvaa glovu, kupima, kumimina slesi, ule ute mzito unaotoa povu, kisha kukoroga kwa mwiko kuelekea upande mmoja, usigeuze hata mkono ukifa ganzi. Lakini sabuni ikifika mahali pa kushika uzito, Madamu husema, "Haya, wote mkachote maji bombani." Wakirudi wanakuta imeshakuwa nzito, inavutika kama mlenda. "Nimetia dawa ya mwisho," anawaambia, akiwaonyesha kopo jeupe. "Inatoka Dar es Salaam. Mkimaliza mtakuwa mnainunua kwangu." Basi kila aliyehitimu alibaki kama mbuzi wa kamba, lazima arudi Ilomba kufuata kopo.

Siku moja Mbuke hakwenda bombani. Alisimama akauliza, "Madamu, kwa nini na sisi tusione?"

Severina akacheka, akawageukia wengine. "Mnamwona huyu mchunga ng'ombe? Mkono wa kukamua maziwa nao unataka siri za sabuni! Nenda kachote maji, dada. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Wenzake wakaangua kicheko hadi wakaegemeana. Mbuke akabeba ndoo, akaenda, akalia bombani, machozi ya hasira matupu. Jioni alifungasha virago. Severina naye akatangaza kwa wote kwamba huyo asiuziwe dawa kamwe.

Huko Ubaruku sabuni ya Mbuke ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Wateja walirudisha chupa. Seni kila akitaka kunawa alipaza sauti, "Nileteeni sabuni ya mtamba!" Jamani, maneno hayo yalimchoma Mbuke kuliko moto. Akachukua chupa moja ya sabuni ile mbovu, akaiweka juu ya kabati, akawa anaitazama kila asubuhi kabla ya uji. "Severina," alikuwa akisema, "wewe nitakupata tu."

Kilichomfungua macho ni jambo dogo. Alikuwa anaunga mboga, pakiti ya chumvi mkononi, ghafla mkono ukasimama. Mbona kwenye takataka za Severina hapakukosa pakiti tupu za chumvi? Mwanamke yule hapiki, anakula kwa mama lishe; chumvi yote ile anaipeleka wapi? Mbuke akaacha mboga iungue, akatia kijiko cha chumvi kwenye sabuni. Ikashika! Akapiga kigelegele peke yake jikoni. Kwa uroho akaongeza tena na tena, sabuni ikarudi kuwa maji. Akalia, akatukana, akamwagia humo jagi la maji kwa hasira, akakoroga. Taratibu ikashika upya. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba chumvi ikizidi inaharibu, na maji ndiyo yanayoponya.

Mtu mwingine angenyamaza, auze sabuni yake, amshukuru Mungu. Mbuke? Thubutu! Alisubiri mahafali. Siku hiyo Severina hualika wazazi na mchungaji, anatengeneza sabuni mbele yao wote ili apate wanafunzi wapya. Mbuke alitoka Ubaruku alfajiri, kavaa kitenge kipya, akakaa mstari wa mbele kabisa. Severina alipoinua lile kopo jeupe, Mbuke akafungua mkoba, akatoa pakiti ya chumvi ya kupikia, akaipakata kama mtoto.

Severina akaiona. Akaikodolea macho, kopo likainama, karibu chumvi yote ikaingia kwenye ndoo. Akakoroga. Akakoroga tena. Sabuni ikawa maji matupu. Miaka yote alipima kwa kijiko kilekile, hajawahi kukosea, kwa hiyo dawa ya kukosea hakuijua.

"Madamu, mbona haishiki?" aliuliza Eveline, mmoja wa wahitimu.

Mchungaji akakohoa. Pamoja na baridi yote ile ya Mbeya, Severina alitokwa jasho. Akamwinamia Mbuke, akanong'ona, "Mwanangu, kama unajua, nisaidie. Usiniaibishe mbele za watu."

Mbuke aliisikia raha ikimpanda kutoka miguuni. Akajibu kwa sauti ya kufika barabarani, "Nenda kachote maji, Madamu."

"Nini?"

"Maji. Ndoo nzima. Bila maji hiyo haiponi."

Severina akatazama huku na huku. Hakuna aliyeinuka kumpokea. Akaokota ndoo, akaenda bombani na viatu vyake vya sherehe.

Alipopinda tu kona ya nyumba, Mbuke akasimama, akalipitisha kopo kwa wahitimu. "Chovyeni vidole, muonje."

"Khaa! Chumvi!" Eveline akapiga kelele.

"Chumvi ya kuungia maharage, mwanangu. Ipo kila duka." Akawaeleza yote, kinachotosha na kinachozidi, hakubakiza kitu.

Severina alirudi nguo zimelowa, ndoo ikimvuta bega. Akawakuta wanafunzi wake wamelizunguka kopo, vidole midomoni, wanamtazama. Mwosha huoshwa, na siku hiyo aliyeoshwa ni yeye.

Mbuke akaipokea ndoo kwa mikono miwili, kwa adabu zote. "Asante, Madamu. Sasa simama hapa uangalie. Mimi nikitia dawa ya mwisho, simfukuzi mtu."

Severina akasimama, akaangalia.