Ukoo wa Fundi Mapipa

Mwanangu alilia siku tisa mfululizo. Zahanati wakampima, wakasema mzima. Sasa kwetu Wasukuma, mtoto mzima akilia namna ile, kuna mzee wa ukoo aliyekwisha kufa anataka mtoto aitwe jina lake. Wazee hutajwa mmoja mmoja mpaka mtoto anyamaze. Tukawataja wote tuliowajua. Wapi! Akabaki mmoja, baba yake babu, na jina lake la Kisukuma hatukulijua.

Mzee yule alikuwa mpishi wa Mwingereza mmoja aliyekuja Geita kutafuta dhahabu. Karani wa kambi, kwa uvivu wake, akamwandika kwa jina la ukoo la bwana wake. Basi limetuganda, vitambulisho vyote vinaishia Uingereza. Kila ofisi naulizwa kama ni raia. Nimechoka mimi!

Nami nikafanya kosa la kutafuta maana yake kwenye simu. Kumbe ni mtengeneza mapipa ya mbao. Huko kwao zamani mtu aliitwa kwa kazi yake, na watoto wakairithi kama jina. Nikamsomea shangazi. Jamani! Kufikia adhuhuri Buseresere nzima ilishajua sisi ni ukoo wa mafundi, na shangazi anambembeleza mtoto, "Nyamaza, fundi mapipa wangu." Mapipa gani? Mzee alikuwa anamenya viazi! Mtoto akazidi kulia, na mke wangu naye akaanza.

Aliyebaki kumjua mzee yule ni bibi yangu peke yake.

"Shikamoo bibi. Tusaidie hilo jina, mtoto anaisha."

"Marahaba. Ng'wanawane, mwanangu, yule ni baba mkwe wangu. Mkwe hatajwi."

"Bibi, si alishakufa zamani?"

"Akifa anaacha kuwa mkwe?"

Nilitoka nje nisije nikamkosea adabu.

Siku ya kumi mke wangu hakuweza hata kusimama. Bibi akamtazama, akasema aletewe mtoto. Akajifunika kanga pamoja naye, akamnong'oneza sikioni. Kilio kikakatika. Mtoto akalala.

"Umemwita nani, bibi?"

"Nimeshamwambia mwenyewe."

Hasira zilinipanda, lakini nikasema nitambembeleza taratibu, ipo siku atalitoa. Hakulitoa. Tulimzika bibi, mtoto akiwa hajaota jino hata moja, na mtoto ndiye peke yake aliyeambiwa.