Nailoni Kwenye Jicho la Kamera

Simu yangu iliita saa nane na dakika kumi na saba mchana. Muda huo ninaukumbuka kwa sababu mezani kulikuwa na saa ya ukutani ya mteja, mgongo nimeufungua, na ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza kuilinganisha na simu.

Aliyepiga alikuwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, kutoka Ilongero. Hakunisalimia. Alisema mdogo wangu amepanda jabali lililo nyuma ya mashamba ya alizeti kuangalia kama asali kwenye ufa imeiva, nyuki wamechafuka, jirani aliyekwenda naye amekimbia, na yeye hajashuka. Simu yake inaita tu. Watu wamejaribu mara mbili kulisogelea jabali, nyuki wamewarudisha. Mrina asali mwenye mavazi ya kujikinga ameshapigiwa, lakini yuko mbali na atafika jioni.

"Shemeji, tangu saa saba hakuna aliyemwona," alisema.

Nilifunga duka. Nilichukua mkoba uliokuwa na droni yangu na betri zake mbili, nikasimamisha bodaboda.

Ilikuwa droni ndogo ya kujifunzia, ya kukunja mikono, inayoongozwa kwa rimoti yake na kutuma picha kwenye simu kwa waifai. Nilikuwa nimeirusha mara tatu tu, uani kwangu Utemini, na kila mara picha ilikuja na weupe, kama kitu kinachotazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Nilijiambia kamera ya bei ndogo ndivyo ilivyo. Mdogo wangu aliiona siku moja akacheka. "Kaka, hii kamera yako ina mtoto wa jicho." Kisha alikwenda kwenye kabati akachukua rimoti ya televisheni, ambayo kwa miaka sita iko ndani ya nailoni yake ya dukani na selotepu nimeshaibadilisha mara tatu, akainyanyua ili mke wangu aione. "Huyu hata jeneza lake atataka likae na nailoni."

Siku ile tulicheka wote. Juu ya bodaboda yalinirudia maneno hayo, na lile neno jeneza lilikataa kunitoka. Nilimwambia dereva aongeze mwendo.

Jirani alikuwa amekaa kwenye kichuguu, mbali na jabali. Jicho moja lilikuwa limeziba na mdomo umevimba, lakini aliponiona alisimama akanipa shikamoo yote, kisha ndipo akaeleza. Walikuwa wamewasha moshi. Upepo ukageuka, moshi ukaenda upande mwingine, nyuki wakatoka. Yeye alikuwa chini, akakimbia. Alimsikia mdogo wangu akipiga kelele mara moja. Baada ya hapo hakusikia kitu.

Jabali lile lina urefu wa kama ghorofa tatu. Ufa wenye nyuki uko mashariki. Magharibi kuna mteremko ambao mtu anaweza kuupanda kwa mikono na magoti. Juu kuna mashimo na mapango madogo mengi, na mtu akiwa amelala huwezi kumwona kutoka chini. Wanaume sita walikuwa pale na mablanketi, tayari kupanda. Swali lilikuwa moja. Kama mdogo wangu alikuwa karibu na ufa, atakayemfuata angelala pale pamoja naye. Kama alikuwa upande wa magharibi, angeweza kuchukuliwa sasa hivi, bila kusubiri jioni. Walikuwa wananitazama mimi.

Nilirusha. Upepo wa Singida mnaufahamu. Droni ilikwenda upande kama mtu aliyesukumwa bega. Niliirudisha, nikaipandisha juu ya jabali, nikaangalia simu. Weupe mtupu.

"Fundi, huo ni moshi?" jirani aliuliza.

Nilisema sijui. Niligeuza kamera ikalipa jua mgongo, weupe ukabaki. Nilipunguza mwanga kwenye programu, picha ikawa kijivu lakini bado haina umbo. Kwa hiyo haikuwa jua. Niliishusha hadi shambani mbele yetu, ambako hakukuwa na moshi wowote, na mashina ya alizeti nayo yakaonekana kama yamefunikwa chandarua. Kwa hiyo haukuwa moshi. Kosa lilikuwa kwenye kamera yenyewe. Nilitua, nikafuta kioo chake kwa pindo la shati. Kucha ya kidole gumba ikakwama kwenye kitu.

Ulikuwa ukingo wa nailoni. Duara dogo kuliko kifungo cha shati, lililobandikwa kiwandani kulinda kioo kisikwaruzike, lenye mikwaruzo mingi sasa na vumbi la uani kwangu. Mimi, ninayesoma kila karatasi inayotoka kwenye boksi, nilikuwa nimeliona siku ya kwanza nikaliacha, kitu kisije kikachakaa. Nililibandua, nikalitia mfukoni. Sikumwangalia mtu usoni. Dakika tatu za betri zilikuwa zimekwenda, na betri moja ilikuwa na dakika nane.

Safari hii picha ilikuwa safi hadi niliona nyufa za mawe. Nilianzia mashariki kwa sababu huko ndiko nilikoogopa zaidi. Kwenye ufa nyuki walikuwa kama kitambaa cheusi kinachochemka. Hakuwepo mtu. Nilisogea magharibi polepole, hatua kwa hatua, kama ninavyofuata waya kwenye redio. Kwenye shimo la nne nilimwona.

Alikuwa amelala kwa ubavu, gunia kichwani, mguu mmoja umekunjika mahali mguu usipokunjikia. Papo hapo simu iliita. Shemeji. Nilikata, picha ikarudi kwenye kioo, naye alikuwa vilevile.

Jirani aliinama begani kwangu.

"Fundi, hajitingishi."

Nilianza kuhesabu. Sikujua kwa nini nilihesabu. Nadhani nilitaka kuwa na kazi. Kifua chake hakikupanda. Mkono haukusogea. Nilipofika thelathini nilianza kufikiri namna ya kumwambia shemeji, ambaye wazee walikuwa wamemzuia nyumbani na mtoto mchanga, na nilipofika hamsini nilikuwa sifikiri tena. Nilipiga goti kwenye mchanga, simu mkononi.

Ndipo nikaliona shati. Pindo la shati lake lilikuwa limeinuliwa na upepo, limesimama hewani juu ya kiuno. Nilihesabu tena hadi kumi. Pindo lilikuwa bado limesimama. Nguo haikai hewani namna hiyo. Nikanyanyua macho kuiangalia droni yenyewe, ilikuwa inayumba. Lakini picha ilikuwa imetulia kama ya ukutani.

"Picha imeganda," nilimwambia. "Si yeye."

"Kwa hiyo mzima?"

"Sijui. Tunaangalia kitu cha dakika moja iliyopita."

Taa ya betri ilianza kuwaka na kuzima. Niliirudisha kwa macho tu, ikatua kwa kishindo. Nilibadilisha betri huku nikifikiri. Simu ya shemeji ndiyo iliyoikata picha. Na hata asingepiga, simu yangu, ikiona waifai ya droni haina intaneti, huiacha na kurudi kwenye mtandao wa kawaida. Dawa ilikuwa kuiweka kwenye ile alama ya ndege inayokata mtandao wote wa simu, kisha kuwasha waifai peke yake. Ni jambo la sekunde tano. Lakini shemeji angepiga, angeambiwa namba haipatikani, na angejua mwenyewe maana ya hilo.

Nilimpigia. Alipokea kabla haijaita.

"Nimeona alipolala," nilisema. "Hali yake bado sijaijua. Sasa nazima simu ili niweze kumwangalia. Ukinikosa, usidhani vibaya."

Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake.

"Umesema amelala," alisema.

"Ndiyo."

"Zima basi, shemeji."

Nilizima. Niliirusha droni kwa betri ya mwisho. Nilikwenda moja kwa moja kwenye shimo la nne, nikashusha kamera, na kitu cha kwanza nilichotafuta hakikuwa uso wake. Pindo la shati lilikuwa linapigapiga. Nilingoja. Kisha mkono wake ulitoka chini ya gunia, ukapunga juu hovyo, kama anayemfukuza nyuki mkubwa. Alikuwa anaifukuza droni yangu.

Jirani alikaa chini akafunika uso.

Niliwaambia wanaume wapande magharibi, wawili tu, wamejifunika mablanketi, bila moshi na bila kelele. Kutoka kwenye mteremko shimo halionekani, hivyo mimi nilikuwa macho yao. Kulia. Juu kidogo. Hapo, msivuke jiwe jeupe, nyuki wanaanzia hapo. Jirani aliyapeleka maneno yangu kwa ishara za mikono kwa sababu hatukutaka kupaza sauti. Dakika ya sita taa ya betri ilianza kuwaka na kuzima. Ningeweza kuirudisha. Walikuwa wamebakiza urefu wa mtu mmoja kufika, na jiwe jeupe lilikuwa kushoto kwao kabisa.

Niliiacha juu. Niliwaona wakimfunika blanketi, wakimvuta kwa mabega, wakianza kushuka. Kisha upepo ukaichukua, mapangaboi yake yakasita, na picha ya mwisho niliyopata ilikuwa ufa wa mashariki ukija kwa kasi.

Walipomfikisha chini macho yote mawili yalikuwa yamezibwa na uvimbe, na kifundo cha mguu kimevunjika. Nilirudisha mtandao wa simu, nikampigia shemeji, nikaiweka sikioni mwake. Alimwambia mkewe ahifadhi maji ya kuoga. Baada ya hapo alitapika, na tukampakia kwenye gari la mtu wa mashine ya kukamua alizeti hadi hospitali mjini, akipumua kwa sauti ambayo sikuipenda, nikiwa nimemshika mkono njia nzima. Hofu yangu haikuisha siku hiyo. Iliisha siku ya tatu, alipofungua jicho moja na kuniuliza droni iko wapi.

Nilimwambia imeangukia kwenye ufa, na nyuki wameipokea. Nilimweleza pia habari ya nailoni, yote, na nikaitoa mfukoni kumwonyesha.

Alicheka mpaka muuguzi akaja.

"Itunze, kaka," alisema. "Ndiyo kitu pekee kilichobaki kizima." Kisha akauliza nimepoteza kiasi gani, na safari hii hakuwa anatania.

Nilimhesabia droni, betri moja na memori kadi. Shilingi laki mbili na elfu kumi na saba.