Jicho Jipya Matangani

Mimi si mtu wa kukaa. Hata chai naimaliza nimesimama. Sasa mtu wa namna hiyo mwambie akae wiki baada ya wiki bila kuinama, bila kubeba ndoo, bila kusogelea moshi wala cherehani, na zaidi ya yote bila kufikicha jicho. Nilikuwa nakaribia kupasuka.

Kufikicha ndiko kulikonifikisha huko. Tangu utotoni macho yaliniwasha, na vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halina huruma. Niliyafikicha kwa vifundo vya vidole, na jamani, raha yake. Baadaye sana madaktari wakanieleza kwamba konea yangu, kile kioo cha mbele cha jicho, ilikuwa laini kuliko kawaida, ikawa inachongoka mbele kidogo kidogo kama ncha ya yai. Miwani nilibadilisha kila mwaka. Nikavaa lenzi ngumu, vumbi likaingia chini yake, nikalia barabarani mtu mzima na akili zangu. Jicho la kushoto likavumilia. La kulia likaota kovu, uzi mmoja nikauona mitatu, na fundi cherehani asiyeuona uzi ni fundi wa nini?

Ndugu wakajikusanya, nikaenda India na mama. Leza ilikata duara kwenye konea yangu, na ilikuwa imeshakata duara kama hilo kwenye konea ya mtu aliyefariki, ambaye jamaa zake waliridhia. Kingo zote mbili zilichongwa kwa ngazi, moja ikakalia nyingine barabara, kisha daktari akashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Nilimuuliza mishono mingapi. Kumi na sita. Nikamuuliza kwa nini hakuzungusha mmoja mrefu yakaisha. Akacheka, akasema mmoja ukilegea, kumi na tano itabaki. Nikamheshimu. Marehemu alikuwa nani hakuniambia, si desturi yao.

Habari ya marehemu tuliijua mimi na mama tu. Pale Chemchem, mtaani kwetu, ukisema una kipande cha maiti jichoni, kesho watakuja kukuuliza unaona nini kaburini. Tukasema nimepigwa miale, basi. Nilijiona mjanja.

Wiki ya tano tangu nishonwe, tumeshakwisha rudi nyumbani, shangazi akafariki, huko Itetemia. Ndiye aliyenifundisha kushona, akinipiga vidole kwa rula kila nilipopindisha mshono. Mama akasema, "Wewe hutoki. Kuna vumbi, kuna moshi, kuna watu." Nikamwambia shangazi hazikwi mara mbili. Akanitazama, akatia chupa zangu za dawa kwenye mkoba wake, tukaondoka.

Nilichosahau, na hapa najilaumu mpaka leo, ni mtani. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, na utani wa msibani ndio mkali kuliko wote. Mtani huja kuwachekesha wafiwa, watake wasitake, na mtani hanuniwi. Wetu ni mama mmoja wa Kizaramo, jirani wa shangazi, aliyeolewa Tabora siku nyingi. Aliingia uani kavaa kanga za shangazi, anachechemea kama shangazi, mkononi sahani ya majivu. Akampaka huyu, akammwagia yule. Akanikuta kwenye mkeka na miwani yangu ya jua.

"Na huyu mtalii ametokea wapi?"

Watu wakaanza kucheka. Akanivua miwani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akanirushia majivu usoni.

Uliwaka moto, sijui niite nini kingine. Mikono ikapanda yenyewe, na mama akapiga ukelele: "Mshikeni, asifikiche! Jicho hilo ni la maiti, limeshonwa!"

Aliyenishika ni yuleyule mtani. Alinikamata mikono yote miwili, akanikalia mapajani. Mwanamke ninayemwamkia shikamoo nilimtukana matusi yasiyosemwa msibani, naye akayapokea yote. Mama akanimiminia jichoni chupa nzima ya dawa ya maji. Njia nzima ya hospitali, ndani ya bajaji, mtani hakuniachia. "Nitukane, mtani wangu," alikuwa akisema, "lakini mkono hupati."

Daktari akanimulika. Akasema konea imekwaruzika na mshono mmoja umelegea, ila bado ni angavu. Akampigia simu mwenzake aliyenipasua, wakaniongezea dawa. Tungoje siku tatu, akasema. Nikiona ukungu, au jicho likizidi kuwa jekundu, nirudi saa hiyo hiyo, maana mwili ukishtuka unaweza kuikataa nyama ya mtu mwingine, na hapo tutakuwa tumelipoteza.

Siku tatu hizo sikulala wala sikukaa. Kila baada ya dakika tano nafunika jicho la kushoto, natazama: kona ya dirisha, maandishi ya gunia la mchele, kucha za mama. Nikiona vizuri nahisi najidanganya. Nikiona vibaya najiambia ni dawa. Nikazunguka chumba mpaka mama akaniambia nitachimba handaki. Nilimchukia mtani, kisha nikajichukia mwenyewe, maana yeye angejuaje? Niliogopa sana, na mimi hofu yangu hutoka kwa mlango wa hasira.

Siku ya tatu matanga yalianuliwa, nikaenda. Mtani alikuwapo, safari hii mikono mitupu. Akamsalimia mama, kisha akauliza mbele ya watu, huyo marehemu mwingine matanga yake yako wapi? Akatandika mkeka, akajilaza chali, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akaanza kulalamika kwa sauti ya mtu tusiyemjua.

"Nimeletwa Tabora bila kuulizwa. Natazamishwa nini? Pindo za magauni. Vumbi. Juzi nimepigwa majivu na mwanamke wala sina deni naye. Na huyu aliyenibeba hajawahi hata kuniuliza kwetu nilipenda kutazama nini."

Watu walivunjika mbavu. Mama alishika ukuta.

Nilifunika jicho la kushoto. Nikamtazama kwa jicho la yule mtu peke yake, na nikamwona sawasawa: maua ya kanga, mvi kwenye nyusi, mdomo unaokwenda mbio. Na machozi. Yalikuwa yakimtoka kwenye kona za macho, yakishuka mpaka masikioni, huku yeye anaendelea kuchekesha. Niliyaona moja moja.

Nikaenda nikakaa karibu na kichwa chake, nikamwambia yule marehemu asante, kwa sauti, watu wote wakisikia. Nilikuwa sijamwambia.